Fundi Aliyegonga Mtungi

Fundi pancha wa mtaani kwetu, Mollo, huongea kwa sauti ndogo na hupapasa kila kitu kabla ya kukisifu. Nilimwita anifungie kompresa ya mtumba, mashine ya kujazia upepo, niliyoichagua kwa ajili ya gereji ya nyumbani. Hakuangalia mota. Aliachia upepo wote, akapiga magoti, akagonga mtungi wa kompresa kwa kifundo cha kidole, taratibu, kila mahali. Chini kabisa alisita. Akachukua bisibisi, akaikandamiza kidogo tu. Ikazama mpaka kwenye mpini, na maji ya kutu yakamwagika. Asubuhi ile nilikuwa nimeujaza upepo mtungi huo huku Albina, mke wangu, akianika nguo pembeni yake.

“Umejuaje?” nikamuuliza.

“Ya mdogo wangu nilimfungia mwenyewe, bila kugonga,” alisema. “Ilipasuka. Tulimzika kijijini kwetu, Muze.”