Wimbo wa Mlevi

Binti yangu akipaka rangi ya kucha, harufu hujaa nyumba hii yote ya Membley, nyumba niliyoijenga mwenyewe, mimi niliyeachia shule darasa la sita. Lakini harufu hiyo hunirudisha Thika, kwa chumba chetu cha mabati.

Kulikuwa na mwimbaji aliyejulikana kila mahali. Alikuwa mlevi sana, baadaye akaacha pombe, lakini watu walikataa kusahau. Mama alinisikia nikiimba wimbo wake, akanizaba kofi akisema ni wimbo wa walevi, akaukata utepe wa kaseti ya mwimbaji huyo na kuitupa chini ya kitanda.

Siku redio iliposema amefariki, ploti nzima, wapangaji wote, ililia. Hata jirani aliyezoea kumwita takataka alikuwa mlangoni akipangusa macho. “Ngai, Mungu wangu, tumepoteza mtu,” akasema.

Mama akaitoa kaseti, akaunga utepe kwa rangi ya kucha, akauzungusha kwa kalamu. Ukakwama.

“Baba, wewe unaujua wimbo,” akaniambia, akiniita hivyo kama alivyozoea kunibembeleza mimi mwanawe. “Niimbie.”

“Si ulisema ni wimbo wa walevi?”

“Imba tu.”

Nikaimba nikiwa nimelifunika shavu kwa mkono. Mama alilia, nami nikaendelea kungoja kofi.