Kiti Walichomnunulia Msukuma Mawese

Yule aliyetuletea mawese kutoka vijiji vya Tunda wakati wa vita amefariki. Moyo ulimsimama Ijumaa, akiwa amekaa kwenye kiti chake barazani, hapa hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu. Jina lake siandiki. Waliokula mawese yake wanamjua. Mimi nilikuwa namuuzia mawese yake sokoni, si ndugu wala shemeji, lakini msiba huu umenikaa shingoni, na nitasema kwa nini.

Miaka ile treni haikuja, mto ulikuwa umefungwa, na mji ulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi wala mafuta. Yeye alitoka Kindu na baiskeli, mabidoni matupu ya mafuta yakigongana nyuma, akapita kijiji kwa kijiji kukusanya mawese yaliyokuwa yanaharibika kwa kukosa wa kuyabeba. Kurudi hakupanda. Alisukuma, mzigo umeifunika baiskeli hata haionekani. Mnyororo ukilia, aliudondoshea mawese kidogo. “Chuma nacho kinasikia njaa, yaya,” aliniambia, akiniita dada. Amani iliporudi, watoto wake wakapata kazi, wakamnunulia kiti kikubwa chenye mito, na pikipiki ya kumpeleka msikitini. Kwetu ndivyo tunavyomheshimu aliyeteseka: tunamkalisha. Tumbo likatoka, na sisi majirani tukamsifu kwamba amani imemfaa.

Kisha kifua kikaanza kumbana. Nilikuwa naye kituo cha afya, sote tumekwenda kupimwa presha, na muuguzi, binti mdogo, akamwambia mafuta yameganda kwenye mishipa yake. Akamuuliza anakunywa dawa gani.

“Mawese, kikombe kila asubui. Watu wanasema iko na kolesteroli nzuri. Mishipa njo kama mnyororo, mama. Ikikauka, inalia.”

Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka. “Hapana, tata,” akasema kama binti kwa baba. “Ile kolesteroli nzuri watu wanasema, haimwagwi kinywani. Ni wabebaji, wako ndani ya damu. Ini na matumbo vinawatuma karibu watupu. Wanapita kwenye kuta za mishipa, wanaokota mafuta yaliyozidi, wanayarudisha kwa ini. Ini linayageuza nyongo, na mengine yanatoka chooni. Wako wabebaji wengine, wanatoka na mzigo kulisha mwili. Wakizidi, wanaumwaga njiani. Wewe unaongeza mzigo barabarani.”

“Na hawa waokotaji, tunawasaidia namna gani?”

“Punguza mawese, meza dawa, na tembea. Mwili ukikaa tu, waokotaji wanalegea.”

Akayatazama magoti yake. “Kumbe ndani mi niko bado nasukuma baiskeli.”

Kikombe alikiacha. Akaanza kutembea kila asubuhi mpaka bandarini, akawatania wapakiaji kwamba wanabeba kama maharusi, akarudi ametoka jasho na uso umechangamka. Kifua kikamwachia kidogo. Lakini watoto wakaona haya. “Tata, watu watasema nini? Unakanyaga vumbi kama hauna watoto!” Wakawa wanamtuma mwenye pikipiki amfuate nyuma polepole, akipiga honi, mpaka mzee achoke na kelele apande. Aliona haya kwa ajili ya haya yao. Akarudi kitini. Mimi sisemi miguu ingemwokoa. Hata muuguzi hakumwahidi hivyo. Ninasema alitaka kutembea, na waliompenda ndio waliomzuia. Tulivuka vita kwa miguu yetu, na sasa tumewafundisha watoto kwamba miguu ni aibu ya maskini.

Juzi nilipoinuka kutoka matangani, mwanawe mkubwa aliita pikipiki. “Bibi, panda, usijichoshe.”

“Mwambie aende zake,” nikamjibu. “Wewe nishike mkono.”

Tulitembea wawili mpaka sokoni, viatu vyake vyeusi vikibadilika rangi kwa vumbi. Njiani aliniuliza kama baba yake alikuwa anapita hapa. Nikamwambia, hapa hapa, na mabidoni. Akapunguza mwendo, asiniache nyuma. Ninyi mlio na wazee, kiti wapeni, sikatazi. Lakini asubuhi wainueni, mtoke nao.