Krosi Iliyogeuzwa

Tangu dereva Gildardo afariki, mwaka wa tisa sasa, Arnobio Marulanda hajapanda gari. Fundi mzima, anayetengeneza karibu kila jipu la Willys linaloteremsha kahawa kutoka vilima vya La Cuchilla, huenda mjini kwa miguu kununua grisi, na magari aliyoyafufua kwa mikono yake humpita yakimpigia honi. Madereva hawamwachi. Humuuliza viatu vyake vina gia ngapi, na kama soli ikiisha huagiza kipuri kutoka mji wa Armenia au hukichonga mwenyewe. Yeye hujibu kwamba daktari amemshauri atembee. Hakuna daktari aliyemshauri kitu.

Sababu anaijua peke yake, na imo ndani ya kopo la kahawa juu ya rafu, nyuma ya makopo ya skrubu.

Jumanne moja asubuhi, mavuno yamepamba moto, alikuwa akimega arepa, mkate wa mahindi, mlangoni mwa karakana aliposikia mlio ukitoka juu. Ko. Kimya. Ko, ko. Gari likiondoka linagonga, likishika mwendo linanyamaza, likikanyagwa tena linagonga. Aliacha kutafuna. Miaka tisa mlio huo humjia akiwa kanisani, akinyoa ndevu, akisubiri kahawa ichemke, na alikwisha kuzoea kujiambia kwamba haupo. Safari hii mbwa naye aliinua masikio.

Gari lilipoingia uani, kwenye usukani alikuwa Rubiela, mjane wa Gildardo. Na gari lilikuwa lile lile lililomuua mumewe. Watu wa kule hawana tabia ya kuzika gari. Likianguka korongoni hukokotwa kwa kamba na nyumbu, hunyooshwa kwa nyundo, hupakwa rangi mpya, na mwaka unaofuata linabeba magunia kama vile halikufanya kitu. Hili lilikuwa likitumiwa na shemeji yake Rubiela upande wa pili wa mlima, na sasa mzee huyo, macho yamemchoka, alikuwa amemrudishia mwenyewe.

"Kompadre, lisikilize hili," Rubiela alisema, hata kushuka hajashuka. Wanaitana hivyo, kompadre na komadre, kwa kuwa Arnobio ndiye aliyemsimamia binti yao ubatizo. "Shemeji anasema ni krosi. Mimi nasema ni Gildardo."

Arnobio alijitia hamnazo, akaenda kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Alijilaza chini ya gari, akashika propela, ule mhimili mrefu unaotoa nguvu kwenye gia na kuipeleka kwenye ekseli ya nyuma, akauzungusha kidogo kwa mkono. Ulicheza. Ko. Kila ncha ya propela ina krosi, kijichuma chenye umbo la msalaba kinachoenea kwenye kiganja, mikono yake minne imevaa vikombe vyenye sindano ndogo na grisi. Krosi ikilika, propela inagonga. Ndiyo hivyo tu. Hakuna maiti humo.

Kabla ya kufungua, fundi mwenye akili hutia alama kwa patasi pande zote mbili, ili kitu kirudi kilivyokuwa. Arnobio alifuta matope kwa kidole gumba, na alama ilikuwepo tayari: mistari miwili iliyolala, kama anavyochora yeye tu. Alibaki pale chini ameishika kwa kidole, na jasho lilimtoka ingawa saruji ilikuwa ya baridi.

Rubiela alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, anaongea na miguu ya Arnobio iliyochomoza. Alimweleza kuwa tangu arudishiwe gari, kila Jumamosi hupita kwenye ile kona aliyofia Gildardo. Husimamisha gari, hushuka, hutia jiwe, husubiri, kisha hulitoa jiwe na kwenda zake. Watu humwona kichaa na hajali.

Kuhusu jiwe hakuwa na haja ya kueleza. Gari likisimama mteremkoni kupakia, anayening'inia kwenye bampa la nyuma huruka chini na kutia jiwe nyuma ya gurudumu kabla dereva hajaondoka kwenye usukani. Siku ile aliyekuwa kwenye bampa ni Rubiela. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka, akainama kuifunga. Gildardo alivuta breki ya mkono, akaacha gari kwenye gia, akazunguka nyuma kupokea gunia la mwisho. Gunia lilipotua, gari lilirudi nyuma na kwenda naye hadi chini kabisa ya korongo. Kijiji kizima kilisema ni jiwe. Hakuna aliyemwambia usoni, na yeye hajawahi kusubiri aambiwe.

"Likigonga najua ananiuliza," alisema. "Jiwe liko wapi, Rubiela? Sasa niambie, wewe fundi. Ukilinyamazisha, atakuwa amenisamehe, au nitakuwa nimemziba mdomo?"

Arnobio aliishusha propela, akaibana kwenye jiliwa, akang'oa klipu, akavigonga vikombe vya krosi iliyolika kimoja kimoja. Vilitoa unga mwekundu mkavu. Akazipanga sindano mpya kwenye grisi, akazihesabu mara tatu, akavisukuma vikombe taratibu hadi krosi ikazunguka laini bila kukwama. Kazi ya saa moja aliifanya kwa saa tatu. Alipomaliza ncha zote mbili na kuifunga propela mahali pake, alinawa mikono, akapanda kwenye kiti, akaliteremsha lile kopo la kahawa.

Ndani mlikuwa na nusu ya krosi, imevunjika mkono mmoja.

"Hii niliiokota barabarani siku ile," alisema. "Nilifika kabla ya wengine. Nikaitia mfukoni."

Rubiela aliigeuzageuza kiganjani bila kuelewa, na Arnobio ikabidi aseme yote. Krosi hulika upande mmoja. Kipuri kikikosekana, nao wakati wa mavuno hakuna anayetaka kusubiri basi la Armenia, mafundi wa kule huigeuza robo duara ili upande mzima ubebe mzigo. Wote hufanya hivyo. Lakini ile aliyoigeuza yeye kwenye gari la Gildardo ilikuwa na ufa mwembamba, na aliuona. Gildardo alimuuliza kama itamaliza mavuno, naye akasema itamaliza. Na kwenye yale magari ya zamani breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika propela. Krosi ikikatika, breki haina cha kushika, wala gia haina.

"Miaka tisa," alisema Rubiela. "Umekula kwangu. Umemshika mwanangu mkono siku ya harusi yake."

"Ndiyo, komadre."

Kisha Rubiela aliuliza lile ambalo Arnobio aliliogopa kuliko matusi.

"Na jiwe lingekuwepo?"

Angeweza kumdanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nao ungekuwa wa huruma. Lakini alikuwa amechoka na uongo wa huruma, ule wa itamaliza mavuno.

"Lingelizuia," alisema.

Rubiela aliitikia kwa kichwa kana kwamba ametajiwa saa. Aliitia nusu ya krosi mfukoni mwa aproni, akapanda kwenye usukani na kuwasha.

"Panda nyuma," alisema. "Kwenye bampa."

Arnobio alipanda. Madereva wawili waliopishana nao walisahau hata kupiga honi. Gari lilipanda mlima wote bila kugonga. Kimya kile kilimtisha kuliko mlio, kwa maana ndani yake alimsikia Gildardo akipiga mluzi kwenye kila kona, kama alivyozoea.

Kwenye ile kona Rubiela alisimama, pua ya gari juu, korongo nyuma. Alivuta breki ya mkono na kuzima injini. Arnobio aliruka chini, akaokota jiwe, akachuchumaa nyuma ya gurudumu.

"Usiliweke," alisema Rubiela kutoka mbele. "Shika tu."

Kisha akauondoa mguu kwenye breki ya mguu. Chuma kililia kidogo, gari likarudi nyuma upana wa kidole, likaegemea propela, likasimama. Arnobio hakuhama. Alichuchumaa pale, jiwe mikononi, akisubiri aambiwe aliweke, na Rubiela alikaa kwenye usukani akitazama mbele na hakusema kitu.