Jirani wa Kiwanja cha Mollo

Kabla hujacheka, kamuulize mwenyekiti wetu wa mtaa. Yupo, mzima wa afya, na siku hiyo alidondosha kalamu mbele yangu. Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa kutunga hadithi. Ninachokuambia kilinipata mwenyewe, nimetoka misa ya Jumapili, sina hata tone la pombe mwilini. Najua watu wakisikia Sumbawanga wanasubiri uchawi wa usiku wa manane, ungo na fisi. Poleni sana. Yangu ilikuwa saa kumi jioni na jua linawaka.

Wakati huo tulikuwa tumepanga vyumba viwili karibu na soko, mimi, mume wangu na binti yetu Neema. Mwenye nyumba akatuita akasema mwanawe anaoa, vyumba anavihitaji, tumpishe ndani ya mwezi mmoja. Tulikuwa na akiba ya miaka mingi ya kujinyima, na ilitosha kiwanja kimoja na matofali ya kuanzia. Ukikosea, basi, unarudi kupanga mpaka uzeeni. Umewahi kununua kitu ambacho unajua huwezi kukinunua mara ya pili? Niliogopa kweli kweli. Wiki ile nilikata kitambaa vibaya nikaharibu suruali ya mteja mpole kuliko wote nilionao.

Baba Neema ni Msukuma, na ndugu zake wanafuga ng'ombe Ilemba, kijijini huko bondeni. Kwake yeye kila jibu lilikuwa Ilemba. "Mke wangu, kwa hela hii kule tunapata shamba zima. Hapa mjini tutapata pa kuweka kitanda tu, miguu ibaki nje." Hakusema uongo. Lakini nani atanifuata Ilemba kuja kupunguza gauni? Tukavutana mpaka tukapatana Mollo. Ni manispaa, ila bado ni mashamba, na bodaboda inafika. Hata hivyo Jumamosi akaaga, akasema anakwenda kuiangalia Ilemba kwa mara ya mwisho, roho yake itulie.

Kiwanja cha Mollo tulikuwa tumeonyeshwa na dalali mmoja anaitwa Deo, kijana mwenye maneno matamu kama amelipwa kwa kila neno. "Dada, ona palivyo tambarare! Jiwe hakuna. Na majani hayo, mwezi wa saba huu!" Kweli, Ufipa yote ilikuwa imekauka na upepo wa baridi unapeperusha vumbi, lakini pale palikuwa pa kijani. Mimi, Mfipa niliyezaliwa huku huku na kulelewa na jembe, nikaona kijani nikasema hii ni baraka. Cherehani kilikuwa kimeshanisahaulisha udongo. Tukakubaliana Jumatatu twende kwa mwenyekiti tuandikishane.

Basi Jumapili nikaenda peke yangu. Sikuwa na shida yoyote, nilitaka tu kukitazama, nione jiko litakaa wapi na mlango utaangalia wapi. Nikiwa bado nimevaa viatu vya kanisani, nikamkuta bibi mmoja katikati ya kiwanja anapiga matuta.

Kwetu tuna matuta yetu ya duara. Mvua zikikaribia kuisha, wakati udongo bado ni laini, unakusanya majani, unayafunika kwa udongo mpaka kiwe kilima kidogo, unaacha yaoze. Mvua zikirudi unabomoa, unapanda ulezi. Mtoto yeyote wa Ufipa anajua hilo, na anajua pia kwamba mwezi wa saba hakuna anayepiga matuta, labda awe na ugomvi na jembe lake. Mimi nililiona hilo. Niamini, nililiona kabisa. Nikajiambia uzee una mambo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Akaniuliza kwa Kifipa mimi ni wa nani, nikamtajia baba na babu. Akaguna kama anawafahamu.

Sasa ungefanya nini? Mama yangu alitufundisha kwamba humsalimii mzee aliyeshika jembe halafu ukasimama na pochi yako unamtazama. Nikavua viatu, nikafunga kanga vizuri, nikasema, "Bibi, nikupokee kidogo." Akanipa jembe haraka sana, mtu ungedhani alikuwa ananisubiri. Nikapiga tuta la kwanza. Udongo ulikuwa laini na wa baridi, umelowa. Nikapiga la pili, akalikosoa.

"Limeinama. Unashona hivyo hivyo?"

Nikacheka. Sikujiuliza amejuaje kwamba nashona. Nikamwambia kwa furaha kwamba mimi ndiye jirani yake mpya, kesho nanunua hapa.

"Mnataka kulima au kulala?"

"Kulala, bibi. Tunajenga."

"Basi mmekosea. Hapa ni pa kulima. Mimi nililima hapa, nikalala kule." Akanyoosha mkono juu ya mteremko, penye mawe na miiba, mahali ambapo Deo alituambia hata mbuzi hapataki. "Jina langu Yustina. Waambie nimekuonyesha."

Nikainama kumalizia tuta la tatu. Nilipoinuka bibi hakuwepo. Nikadhani amejisitiri kichakani, kwa hiyo nikageuka upande mwingine kwa adabu na kumsubiri. Nilisubiri muda mrefu, nikivaa viatu taratibu, maana kuondoka bila kuaga ni aibu. Nikageuka kuliegemeza jembe, na jembe nalo halipo. Nikasema, kumbe bibi amepita nyuma yangu akachukua jembe lake. Nikarudi mjini viganja vimechubuka.

Jumatatu ofisini kwa mwenyekiti tulikuwa wanne: yeye, muuzaji, Deo na mimi. Mwenyekiti akaanza kuandika, akauliza majirani wa kiwanja ni akina nani, maana lazima waje washuhudie mipaka. Muuzaji alipokuwa anafikiri, mimi nikajibu kwa kujidai, kama mwenyeji: "Upande wa juu ni Bibi Yustina. Jana nimekutana naye, tumepiga matuta pamoja."

Hapo ndipo kalamu ilipoanguka.

"Mama Neema," mwenyekiti akasema polepole, "Bibi Yustina tulimzika kabla mimi sijawa mwenyekiti."

Deo akasema nina malaria. Muuzaji akasema nimetumwa na mtu mwenye wivu. Mimi nikaweka viganja vyangu mezani wavione. Mwishowe tukaondoka wote kwenda kuangalia, Deo akitembea nyuma kabisa. Huko tukakuta nini? Matuta yangu matatu yapo, la pili limeinama vile vile. Ya bibi, ambayo niliyaona kwa macho yangu kama kumi hivi, hakuna hata moja. Pale alipopiga, majani yamesimama, hayajaguswa. Mwenyekiti akaniuliza nilitumia jembe la nani. Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Wakati huo nikahisi sketi inalowa. Mwezi wa saba! Nikachimba kwa kidole, maji yakaja.

Deo alikuwa ameshaondoka, hata kuaga hakuaga.

Mwenyekiti akamwita binti wa marehemu, Mama Oresto, anayekaa juu kidogo ya yale mawe. Nilidhani atanifukuza kwa kumtaja mama yake ovyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika viganja vyangu, akauliza swali moja tu: "Alikukosoa?"

"Alisema tuta limeinama."

Mama Oresto akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akalia kweli. "Ni mama. Hakuna mtu aliyewahi kumpita mama shambani akaondoka bila kufanyishwa kazi." Kile kiwanja cha mawe, palipokuwa zamani na nyumba ya mama yake, sasa kilikuwa chake. Alisema amekataa kukiuza mara nyingi, kwa sababu wanunuzi wote walikuja na kumwambia ni kibovu ili ashushe bei. Kwangu akaishusha mwenyewe.

Baba Neema aliporudi kutoka Ilemba alinikuta nimeshatoa malipo ya kwanza. Nikamweleza yote. Akasema, "Kwenu Sumbawanga hata marehemu ni madalali?" Alinung'unika kila jiwe alilolipasua, lakini alipasua. Mvua zilipokuja, kile kiwanja cha kijani kikawa bwawa. Kilikuwa kimenunuliwa na bwana mmoja wa mjini, matofali yake mabichi yakayeyuka yote yakarudi kuwa udongo. Nilimwonea huruma sana. Sasa analima kabichi pale, na kabichi zake ni nzuri, mimi ni mteja wake.

Sisi tunalala pakavu, mvua ya tatu hii. Bati ni letu, mlango ni wetu, na Neema ana chumba chake. Jambo moja tu bado. Kila mwaka msimu wa matuta, nikipiga matuta bustanini kwangu jioni, asubuhi nikitoka nakuta yaliyokuwa yameinama yamenyooshwa. Baba Neema anasema nayanyoosha mwenyewe nikasahau. Lakini nimemwona, huyo huyo Baba Neema, akipita pale asubuhi anavua kofia. Na mimi nasema "Shikamoo, bibi" kabla sijachota maji. Sijawahi kujibiwa, na Mungu anisamehe, naomba nisijibiwe.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kiwanja cha kwanza na hela yako ni ya mara moja, usinunue kwa kukiona kiangazi tu, na usimsikilize dalali kuliko udongo. Ukimkuta mtu analima jirani na kiwanja chako, hata kama si msimu wake, usimpite. Vua viatu, shika jembe. Akiwa mzima utakuwa umepata jirani. Akiwa si mzima, chapa kazi vizuri, tena asikukute unapindisha.