Matumbawe ya Elkanah Mpakani Isebania

Mume wangu Elkanah, mzaliwa wa Rusinga, alitwaliwa na Bwana mwezi wa Februari. Wengi waliokuja mazishini walimjua kama fundi wa matangi ya samaki wa mapambo mjini Homa Bay. Nataka waijue pia siku moja ya maisha yake ambayo bado namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mwaka juzi hoteli moja mjini ilimpa kazi ya kutengeneza tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Watu wetu wakiona tumbawe husema ni jiwe. Elkanah aliwaeleza kwa subira kwamba ni mnyama, anakula na kuzaa, ndiyo maana sheria ya wanyamapori inamlinda. Aliagiza kwa mfugaji wa Dar es Salaam. Vibali vyote alikuwa navyo, cha kutoa Tanzania na cha kuingiza Kenya. Kilichobaki ni kugongewa mihuri mpakani, maboksi yakiwa mbele ya maofisa. Bila hiyo mzigo ungekuwa wa magendo, na yeye angefungiwa kazi hiyo.

Asubuhi ya kuvusha mzigo alimwachia kaka yangu Mwikwabe maboksi upande wa Sirare, Tanzania, akaenda kupanga foleni ya mihuri. Mimi ni Mkuria, na kwetu mpaka umepita katikati ya boma. Shangazi yetu analala Tanzania, ghala lake la mahindi liko Kenya. Kuku, mbuzi, hata maharusi hupita uani kwake. Jua lilipopanda, Mwikwabe aliona maboksi yanapata moto. Kwa huruma akayapakia kwenye pikipiki, akakata uani, akayashusha upande wa Kenya kwenye kivuli cha migomba. Shangazi akayafunika kwa majani. Ndipo Mwikwabe akampigia simu shemeji yake kwamba aache foleni, mzigo umeshafika.

Nilikuwa pale bomani Elkanah alipoingia, shati limeloa jasho. Mwikwabe alimpokea akicheka.

"Shemeji, ninyi watu wa samaki mnapenda foleni. Barabara ya Homa Bay hii hapa. Nani amekuona?"

Elkanah hakumgombeza. Alimshukuru shangazi kwa kivuli, akagusa boksi moja moja kupima joto. Kisha akasema anayapeleka kwa maofisa.

"Watayachukua," Mwikwabe akasema. "Na kibali watachukua. Halafu utamlisha dada yangu nini, mihuri?"

"Huenda wakachukua. Lakini nikipita hivi, kila nikiwasha taa ya lile tangi nitakuwa naangalia wizi. Nitamwombaje Mungu abariki kitu kama hicho?"

Mwikwabe alinuna, akasema ameaibishwa nyumbani kwa shangazi yake. Lakini maboksi yalipopakiwa tena, ni yeye aliyewasha pikipiki.

Ofisa wa wanyamapori pale Isebania, upande wa Kenya, mama mmoja anayeitwa Rispa, aliwasikiliza wote wawili. Kabla Elkanah hajamaliza, Mwikwabe alidakia.

"Mimi ndiye nilibeba, mama. Huyu alikuwa kwenye foleni yenu, muulizeni askari."

Rispa alijibu kwamba sheria haina kifungu cha huruma ya shemeji, akazuia mzigo. Aliwaita wenzake wa Sirare. Waliyarudisha maboksi upande wao kwa barabara kuu, wakayafungua, wakalinganisha kila tumbawe na kibali. Kazi hiyo iliingia siku ya pili. Walimruhusu Elkanah kuchomeka pampu zake za kutia hewa majini kwenye umeme wa ofisi, nami nikabaki bomani nikiomba.

Mihuri ilipogongwa, matumbawe mengi yalikuwa yamekufa na kugeuka ute mweupe. Elkanah alipewa onyo, lakini hakufungiwa, kwa sababu alijileta mwenyewe.

Machache yaliyopona aliyaweka tangini. Yalipopata nguvu aliyakata vipande vidogo, akavipandikiza kwenye mawe, na polepole tangi likajaa bila kuagiza tena. Meneja wa hoteli alivumilia wakati huo wote, Mungu amkumbuke. Awakumbuke pia Rispa na wenzake wa pande zote mbili, na kaka yangu, ambaye angeweza kunyamaza pale ofisini na hakunyamaza. Nimemzika mume ambaye sina haja ya kumfichia lolote. Nikipita hotelini husimama kidogo mbele ya kioo cha lile tangi, nikasema asante, kisha nikaenda zangu sokoni.