Karakana Bila Vumbi

Mafundi wana uongo wao mmoja na kila mteja anaujua: njoo kesho. Huyu wetu aliupenda kupita kiasi, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika mtaani, watu wakamwita Fundi Kesho. Hakukasirika. Kabati lake lilichelewa, ndiyo, lakini likishafika mlango haulii, droo haikwami, na wewe mwenyewe unayasahau matusi uliyokuwa umemwekea.

Hayo yalikuwa kabla ya mashine. Msumeno wa kiwandani, pale alipoajiriwa kupasua mbao, ulimkata kidole gumba na cha shahada, vyote vya mkono wa kulia, mkono uliokuwa ukiilisha nyumba nzima. Mkewe ndiye aliyelifua shati lake lililolowa damu siku ile. Alilifua, akalianika, kisha akalichoma moto, na tangu siku hiyo akisikia msumeno kwa jirani anaingia ndani na kufunga dirisha. Usimcheke. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka ukapita Fundi akikaa barazani kuwatazama kuku wa watu. Kijana wao alipooa na kuhamia kwake, chumba kikabaki wazi, na hapo wazimu ukampanda: akataka karakana humo. Mkewe hakumkatalia. Alimwambia tu kwa sauti ya chini, "Fanya, Baba Watoto. Ila mguu wangu mimi hautaingia humo." Na kweli hakuingia. Chai aliileta, akaiweka kizingitini, akaondoka zake.

Jamani, chumba kilipangwa kikapangika. Ukutani alitundika misumeno, randa na patasi, kila kimoja kimechorewa umbo lake kwa rangi, ili kikitoka ujue ni nani hayupo. Misumari ilikaa kwa saizi zake ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Na vyote vilielekea mkono wa kushoto, maana ndio uliobaki mzima. Hata jiliwa, lile dude la chuma la kubania ubao ambalo mafundi hulifunga kushoto mwa meza, yeye alilifunga kulia.

Kilikosekana kitu kimoja, na alikijua peke yake: humo ndani hakuna ubao uliowahi kukatwa. Meza aliinunua ikiwa imekwisha, mbao za rafu zilikuja zimekatwa dukani. Kila asubuhi alijifungia akipiga mluzi, akashusha msumeno, akausogeza kwenye ubao, na mkono ukaanza kutetemeka. Basi msumeno anaupangusa kwa kitambaa na kuurudisha ukutani. Tangu dunia iumbwe hakuna msumeno uliopanguswa namna ile. Kama hawezi kukata, yeye ni fundi wa nini? Swali hilo lilimla mchana na usiku, wala hakumwambia mtu, mkewe ndiyo kabisa.

Mtu mwenye hofu hupenda kujionyesha. Jumamosi moja akawaita majirani, pamoja na mwenzake wa kiwandani, mfupi mmoja aliyeitwa Nusu Inchi kwa sababu hajawahi kupewa ubao asiseme umezidi nusu inchi. Majirani walisifu makopo, wakasifu rangi, na kichwa cha Fundi kikavimba. Nusu Inchi alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma.

"Rafiki yangu, karakana hii umeivalisha nje ndani," akasema. "Jiliwa limehama nyumba."

Akajifanya anapiga randa, kiwiko kikagonga rafu, watu wakacheka. Akaketi juu ya kreti huku akijisugua.

"Haya, mwenyewe sasa. Tukatie hata kipande kimoja tuone."

Fundi akasogeza kopo moja la misumari. "Leo nina wageni," akasema. "Njooni kesho."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Naye alicheka nao, jasho likimtiririka mgongoni. Wakanywa chai, wakaaga.

Mkewe akaja kuchukua vikombe, akasimama kizingitini kama kawaida yake, macho sakafuni. Mwanamke huyu alikuwa amefagia vumbi la mbao la mume huyu tangu ujana wao. Amelitoa kwenye nywele zake, kwenye mashuka, hata kwenye sufuria ya maharage.

"Baba Watoto, sakafu hii ni safi mno."

"Nimefagia."

"Wewe? Tangu lini?"

Fundi akageukia misumeno yake ukutani.

"Hujakata kitu humu," mkewe akasema.

Mficha uchi hazai. Fundi akaketi kwenye ile kreti. "Siwezi," akasema. "Nikiushika tu, nausikia ule mlio. Naogopa, Mama Watoto."

Alingoja aambiwe si nilikwambia. Badala yake akasikia mkewe akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Siku zote hizi nilidhani hofu hii ninayo peke yangu," mkewe akasema. "Nakusikia unapiga mluzi, unapanga misumari yako, nasema huyu hajali. Atakuja kubaki hana mkono, na bado atapiga mluzi. Nimekukasirikia sana."

"Ule mluzi ulikuwa wa kujikaza kisabuni tu."

"Na mimi ningejuaje?"

Akaweka vikombe chini, akavuka kizingiti. Aliangalia kuta, akaangalia meza, akauliza asimame wapi. Fundi akabana ubao mrefu kwenye jiliwa, akachora mstari, na mkewe akaishika ile ncha iliyoning'inia, kwa mikono miwili, macho kayafumba. Halafu akayafumbua.

Msumeno uliteleza mara ya kwanza. Mara ya pili ukauma. Mkono ulitetemeka, usidhani haukutetemeka, lakini ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, na vumbi likaanza kuwamwagikia miguuni. Fundi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyepona homa. Kipande kikaanguka. Wakakitazama wote wawili.

"Umekata kombo," mkewe akasema.

"Kombo kabisa," Fundi akakubali, akijifuta macho kwa kiganja.

Mkewe akausogeza ubao mbele kidogo, akaushika tena. "Chora mwingine."