Vidonge Ndani ya Sofa

Fundi Sponji, mshona masofa, alikuwa amekalisha mtaa mzima vizuri, na shukrani yake ikawa uti wa mgongo uliokataa kumkalisha yeye. Daktari alimpasua, akaisifu kazi yake mwenyewe, kisha akatoa masharti: ameze vidonge kwa saa zake, aumwe asiumwe, na atembee kila siku. Asipotembea, mgongo utakakamaa, na karakana atabaki kuisikia kwa wapita njia.

Nyumbani alimkuta mama mkwe amekuja kumuuguza. Sponji angeona heri akatwe ulimi kuliko kuguna mbele ya mkwewe. Tena aliona kumeza dawa kabla ya maumivu kupamba moto ni ufujaji. Mkewe akimpa kidonge, alikibana shavuni, akanywa maji kwa adabu zote, akasema asante. Akibaki peke yake sebuleni, alikisokomeza kwenye upenyo wa sofa alilolishona mwenyewe. Huyu ndiye mtu aliyetoa kwenye masofa ya watu vitana, vijiko, na mara moja meno ya bandia.

Asubuhi moja maumivu yalimbana kitandani, hata kujigeuza akashindwa.

"Leo sitembei," alimwambia mkewe, macho darini. "Karakana tafuteni mtu wa kuichukua."

Sebuleni, mama mkwe alikuwa akitafuta miwani yake. Akatia mkono katikati ya mito ya sofa. Miwani ilikuwa kichwani kwake, lakini hakurudi mikono mitupu. Aliingia chumbani, kiganja kimejaa vidonge vyenye vumbi la sponji.

"Baba, nimekuja kukuuguza wewe au sofa?"

Sponji akavuta shuka hadi kidevuni.

"Maana sofa halijambo. Nimelikalia, limetulia."

"Mama, nilikuwa naweka akiba. Maumivu yakizidi ndiyo nimeze."

"Yakizidi umeze nini, godoro? Wewe ukishona, unasubiri mshono ufumuke ndiyo uongeze uzi?"

"Hapana, mama."

"Basi. Na ukiumwa, guna. Mimi nimezaa watoto saba. Unadhani nilikuwa naimba?"

Mkewe aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Sponji naye akacheka, kicheko kikamchoma mgongoni, akatoa guno refu, la siku zote zile kwa pamoja. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesalimiwa.

Vile vya sofa vilitupwa. Kipya alikimeza mbele ya mashahidi wawili, akakaguliwa mdomo. Maumivu hayakuondoka; yalisogea kando, yakampisha. Jioni alifika getini ameshika mkono wa mama mkwe, na kesho yake akafika mbele zaidi, akiguna bila kumwomba mtu radhi.

Kazi yake ya kwanza aliporudi karakana ilikuwa kiti cha mama mkwe, kirefu, kigumu, cha kuinukia bila kumwita Mungu. Hakikuwa na upenyo hata mmoja. Mama mkwe alishukuru, akakipapasa pande zote, ndipo akakaa.